KUTUA SI KUANGUKA: TAHAKIKI YA ISTILAHI ZA NDEGE ILIYOISHIWA NGUVU

Utangulizi

Katika semina ya uandishi wa taarifa tuliyoiongoza huko Manyamanyama, katika Mji wa Bunda, mkoani Mara, tuliwapa washiriki zoezi dogo. Washiriki wenyewe walikuwa walimu wa shule za msingi na sekondari, watendaji wa mitaa, na makarani wa ofisi za serikali. Tuliwaambia wafikirie kwamba ndege ndogo yenye injini moja imetoka Mwanza kuelekea Musoma. Ilipofika juu ya Manyamanyama injini ikazimika. Rubani akachagua shamba la pamba iliyokwisha kuvunwa, akaishusha humo. Gurudumu moja likavunjika, lakini watu wote watano wakatoka wazima. Kisha tukamtaka kila mmoja aandike sentensi tatu za kumwarifu Mkuu wa Wilaya.

Majibu yao yalitufundisha sisi zaidi kuliko tulivyotazamia kuwafundisha wao. Baadhi waliandika kuwa ndege "imeanguka". Wengine kuwa "imedondoka". Wengine kuwa "imepata ajali". Na walio wengi, hasa wasomaji wa magazeti, waliandika kuwa "imetua kwa dharura". Ndipo mtendaji mmoja aliposimama akasema: "Ndugu mkufunzi, mimi nikipokea karatasi isemayo ndege imeanguka, nitatafuta machela na sanda. Nikipokea isemayo imetua kwa dharura, nitadhani abiria mmoja ameugua njiani, na pengine sitaondoka ofisini. Sasa hii ya shambani niiite nini?"

Hatukuwa na jibu la kumpa papo hapo. Makala hii ni jaribio la kumjibu. Madhumuni yake ni kuyapima maneno tunayoyatumia sasa katika kueleza ndege iliyoishiwa nguvu ya injini: yapi yanafaa, yapi yanapotosha, na yapi tumeyaacha gereji, ziwani na pwani ilhali tunayahitaji ofisini. Hatukusudii kumcheka mwandishi wala mfasiri yeyote. Sisi wenyewe tumekwisha kuandika "kutua kwa dharura" mara nyingi bila ya kujiuliza.

1. Mzigo wa neno "dharura"

Neno "dharura" tumelipokea kutoka Kiarabu, nalo limekaa nasi siku nyingi hata likawa la kila mahali. Tuna kikao cha dharura, ruhusa ya dharura na mfuko wa dharura. Mwalimu asipofika shuleni huambiwa kuwa amepata dharura, na dharura hiyo yaweza kuwa msiba, yaweza pia kuwa gunia la mahindi linalongoja usafiri stendi. Upana huo si kosa la neno. Lugha yoyote huhitaji maneno mapana, nayo adabu ya Kiswahili hulipenda neno linalomfichia mtu shida yake mbele za watu.

Kosa latokea pale neno pana linapofanywa kuwa istilahi. Istilahi ina kazi ya kutenga dhana moja na nyingine; isipotenga, ni neno la kawaida lililovishwa joho. Ndege ikishuka katika uwanja wa karibu kwa sababu abiria ameshikwa na moyo, twasema imetua kwa dharura. Ikishuka kwa sababu taa moja ya onyo imewaka mbele ya rubani, twasema vivyo hivyo. Ikishuka mtoni kwa sababu injini zake zote zimezimika, bado twasema imetua kwa dharura. Mambo hayo matatu hayalingani kwa hatari, kwa muda uliobaki, wala kwa msaada unaohitajika.

Kwamba jambo hili si la wanalugha peke yao, laonekana katika ajali ya tarehe 25 Januari, 1990. Ndege ya shirika la Avianca la Kolombia, aina ya Boeing 707, ilikuwa ikielekea New York. Ilizungushwa angani kwa zaidi ya saa moja kwa sababu ya hali mbaya ya hewa na msongamano wa ndege. Mafuta yakawa yanakwisha. Wanaanga wake waliwaambia waongozaji wa ndege kwamba wanaomba kipaumbele, na kwamba mafuta yanapungua. Lakini hawakulitamka lile neno ambalo kwa utaratibu wa anga humlazimu mwongozaji kuondoa kila kitu njiani. Injini zote nne zikazimika, ndege ikaanguka Long Island, na watu 73 kati ya 158 wakafa. Msikilizaji alisikia ombi. Msemaji alidhani ametoa kilio.

Utaratibu wa redio wa kimataifa umetenga miito miwili. Upo mwito wa "Mayday", uliokubaliwa kimataifa mwaka 1927, nao hutumika pale ambapo uhai umo hatarini na msaada watakiwa sasa hivi. Upo na mwito wa "Pan-pan", ambao husema kwamba jambo ni la kuharakishwa lakini hatari haijafika mlangoni. Hatupendekezi kwamba rubani aache kuitamka miito hiyo kama ilivyo. Redioni ndiyo inayojulikana dunia nzima. Lakini mwandishi wa taarifa, mfasiri wa ripoti na mwalimu darasani hawana budi kuwa na maneno ya kuieleza. Twapendekeza "mwito wa hatari" kwa ule wa kwanza na "mwito wa hima" kwa ule wa pili. "Hima" ni neno la Kiswahili lililokaa bure kwa muda mrefu, na lina haraka isiyo na kilio ndani yake.

2. Injini: kuzimika, kunoki, kutovuta

Wafasiri wengi, wakikutana na habari ya injini iliyoacha kufanya kazi, huandika kuwa injini "imepoteza nguvu" au kuwa ndege "imepoteza injini". Tulipowasomea washiriki wetu sentensi ya namna hii ya pili, mmoja aliuliza kama injini hiyo ilidondoka njiani na kama imekwisha kuokotwa. Swali lake lilikuwa la haki. Katika Kiswahili mtu hupoteza ufunguo, akautafuta. Hupoteza njia, akaulizia. Kupoteza ni tendo la mwenye kitu. Nguvu inapokwisha yenyewe, Kiswahili kina njia nyingine nzuri zaidi: mtu huishiwa fedha, huishiwa pumzi, huishiwa maneno. Kwa hiyo injini nayo "huishiwa nguvu". Ikiwa nguvu imebaki kidogo, "hupungukiwa nguvu".

Lakini hata "kuishiwa nguvu" hakutoshi, kwani msikilizaji ataka kujua injini imekuwaje. Hapa yafaa tuende gereji. Fundi wa magari wa Bunda, kama mwenzake wa Kariakoo, ana maneno matatu asiyoyachanganya hata siku moja. Injini "imezima" au "imezimika" ikiwa imeacha kuunguruma lakini yaweza kuwashwa tena. Injini "imenoki" ikiwa vyuma vyake vimekamatana au kuvunjika ndani, na hapo hakuna kuwasha. Ni kuifungua tu. Injini "haivuti" ikiwa inaunguruma lakini kazi haifanyi. Mwenye gari akiambiwa mojawapo ya maneno hayo, ajua mara moja kama atalala njiani au la.

Rubani naye ataka kujua hivyo hivyo. Tarehe 24 Juni, 1982, ndege ya British Airways aina ya Boeing 747, yenye watu 263, iliingia usiku katika majivu ya mlima wa volkano wa Galunggung, katika kisiwa cha Java. Injini zote nne zikazimika. Ndege ilishuka bila ya injini hata ilipotoka katika majivu, ndipo injini zilipowashwa upya, na ikatua Jakarta salama. Mfasiri akiandika kwamba injini nne "zilikufa", atawezaje kueleza katika sentensi inayofuata kwamba ziliwashwa? Lau angaliandika "zilizimika", msomaji angalijua tangu mwanzo kwamba tumaini lingalipo.

Twaona basi kwamba "kunoki", neno ambalo wakubwa wengi wangeona haya kuliandika katika barua ya serikali, lina usahihi kuliko "kupata hitilafu", ambalo kila karani hulipenda. "Hitilafu" husema tu kwamba jambo haliko sawa. Hatusemi liondolewe, mchunguzi asiyejua bado kilichotokea hana budi kulitumia. Lakini akishajua, aseme.

Kabla ya kuiacha injini, kuna jambo moja la sarufi linalostahili kutajwa. Injini nyingi huharibiwa na ndege wa porini wanaoingia ndani yake, na baadhi ya wafasiri wameona taabu kwa kuwa mnyama na chombo vina jina moja. Taabu hiyo ni ya bure. Sarufi yetu imekwisha kuitatua: "ndege ameingia katika injini ya ndege, nayo imezimika." Mwenye uhai huchukua upatanisho wa mtu, chombo huchukua upatanisho wa kitu. Mara chache tu, hasa katika vichwa vya habari visivyo na kitenzi, yafaa kusema "ndege wa porini", au kumtaja kwa jina lake. Katika mbuga ya Serengeti, jirani kabisa na Bunda, Michael Grzimek alikufa tarehe 10 Januari, 1959, baada ya ndege yake ndogo kugongana na tumbusi. Sentensi hiyo imesomeka bila ya kumkwaza mtu, kwa sababu tumbusi ametajwa kwa jina.

3. Kuserereka

Wengi huamini kwamba ndege iliyozimikiwa injini huanguka kama jiwe. Imani hiyo si ya kweli, na neno "kuanguka" linaizidishia nguvu kila linapoandikwa. Mabawa hufanya kazi maadamu ndege inasonga mbele katika hewa. Injini ikizimika, rubani huinamisha pua kidogo ili mwendo usipungue, na ndege hushuka polepole huku ikienda mbele. Ndege ndogo ya aina ya Cessna 172, katika hewa tulivu, husonga mbele kiasi cha mita 9 kwa kila mita 1 inayoshuka. Kwa hiyo ikiwa kilomita 1 juu ya ardhi, ina kama kilomita 9 za kuchagulia mahali pa kushukia. Kutoka Manyamanyama, huo si mwendo mdogo.

Ndege kubwa hufanya zaidi ya hapo. Tarehe 24 Agosti, 2001, ndege ya Air Transat aina ya Airbus A330, ikitoka Toronto kwenda Lisbon, iliishiwa mafuta juu ya Bahari ya Atlantiki kwa sababu ya mvujo. Ilikwenda dakika 19 hivi bila ya injini hata moja, ikatua katika visiwa vya Azores, na watu wote 306 wakaokoka. Tarehe 23 Julai, 1983, ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 iliishiwa mafuta ikiwa juu ya mita 12,000, kwa sababu inayopaswa kufundishwa kwa kila mfasiri wa vipimo: Kanada ilikuwa ikihamia vipimo vya metriki, ndege ilihitaji kilo 22,300 za mafuta, na waliokokotoa wakatumia kizidisho cha ratili badala ya cha kilo. Ndege ikapakiwa chini ya nusu ya mafuta yaliyotakiwa. Rubani aliishusha bila ya injini katika uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli, wala hakufa hata mtu mmoja kati ya 69 waliokuwamo.

Mwendo huo tuuite nini? Yamekwisha kutumika maneno kadhaa. "Kuelea" hakufai, kwani kinacholea hubaki juu, na hiki kinashuka. "Kuteleza" kuna kosa ndani yake. Mtu huteleza asipotaka. "Kunyiririka" kwafaa zaidi kwa maji na mafuta. Wapo waliopendekeza kwetu msemo wa pwani, "kwenda arijojo", yaani kama tiara iliyokatika uzi. Msemo ni mzuri lakini maana yake ni kinyume cha tunayoitafuta: tiara iliyokatika uzi haina mwenyewe, na ndege hii ina rubani ambaye usukani wake ungali ukitii. Twashauri "arijojo" iwekwe akiba kwa ndege isiyotii usukani.

Sisi twachagua "kuserereka". Mtoto akikaa juu ya kigogo kilimani, huserereka hadi chini. Hana wa kumsukuma, mteremko wenyewe ndio unaompeleka, na miguu yake ndiyo usukani. Dhana zote tatu zimo: kushuka, kwenda mbele, na kujiongoza. Atakayesema kwamba neno hili ni la michezo ya watoto tutamjibu kwamba "rubani" nalo lilikuwa neno la vyombo vya baharini kabla ya kupanda angani, wala halikupoteza heshima yake njiani.

4. Kulazimika, kulazimishwa, na kujihadhari

Kitenzi "kutua" ni cha zamani sana, nacho kina maana nzuri. Mchukuzi hutua mzigo, jua hutua, ndege wa porini hutua mtini, nahodha hutua tanga. Katika matumizi yote hayo kuna utulivu na mpango. Kwa hiyo "kutua" kutumike pale tu ambapo rubani ameongoza chombo hadi mwisho. Hapo ndipo tofauti yake na "kuanguka" ilipo. Tofauti hiyo haitegemei idadi ya waliokufa, wala ubovu wa mahali, wala hali ya chombo baadaye. Kiini chake ni kama ndege ilikuwa na mwenyewe hadi ilipogusa chini.

Wataalamu wa anga hugawa kutua kusiko kwa kawaida katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni pale ambapo ndege haiwezi kabisa kuendelea, mathalani injini zimezimika, na rubani hushuka popote palipo karibu. Wengine wameliita hili "kutua kwa lazima". Twaona neno "lazima" litampotosha msomaji, kwani kwetu jambo la lazima ni lile lililoamriwa na sheria, kama vile elimu ya lazima. Tena ipo ndege ambayo huamriwa kushuka na ndege za kijeshi, au na watekaji nyara wenye silaha. Hiyo nayo yaweza kuitwa imetua kwa lazima.

Unyambuaji wa vitenzi vyetu watupa njia iliyo bora. Iliyoamriwa na mtu "imelazimishwa kutua". Iliyosukumwa na hali yake yenyewe "imelazimika kutua". Silabi moja tu yatosha kumwambia karani kama jambo hili ni la polisi au la mafundi. Ni lugha chache zinazoweza kufanya hivyo kwa wepisi huu, nasi hatuna sababu ya kuutupa utajiri tulio nao mkononi.

Fungu la pili ni pale ambapo ndege ingaliweza kuendelea, lakini rubani ameona si busara: mafuta yanakaribia ukomo, hali ya hewa inachafuka, au injini haivuti kama kawaida. Hiyo twaiita "kutua kwa tahadhari". Neno hili lampa rubani sifa anayoistahili. Abiria waliosikia kuwa ndege yao "ilinusurika kuanguka" huwaogopesha jamaa zao. Wakiambiwa kwamba rubani alijihadhari, watamshukuru. Fungu la tatu ni la majini, na kwa kuwa lina habari nyingi, twalitengea sehemu yake.

5. Kutua majini na kutumbukia

Jumamosi ya tarehe 23 Novemba, 1996, ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 767 ilitekwa nyara na watu watatu muda mfupi baada ya kuondoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Watekaji walitaka wapelekwe Australia. Rubani, Kapteni Leul Abate, aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi, hawakusadiki. Akaifuata pwani ya Afrika, kisha akaelekea Visiwa vya Ngazija. Mafuta yakaisha, injini zote mbili zikazimika, ndege ikawa inaserereka kuelekea Ngazija, na rubani angali akisumbuliwa na watekaji. Alijaribu kuilaza juu ya maji karibu na ufuko wa Mitsamiouli. Bawa la kushoto likatangulia kugusa, na ndege ikavunjika. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa, wakiwamo watekaji, na 50 waliokoka. Wenyeji na wageni waliokuwa ufukoni waliingia baharini kuwaokoa.

Je, ndege ile ilianguka au ilitua? Kwa kipimo tulichokiweka, ililazimika kutua majini. Msomaji ataona neno "kutua" ni la ukatili mbele ya maiti 125, nasi twaiheshimu hisia hiyo. Lakini tukisema "ilianguka", tutakuwa tumeifuta kazi ya rubani aliyeiongoza bila ya injini na bila ya uhuru hadi mita ya mwisho, na tutakuwa tumefuta sababu ya watu 50 kuwa hai.

Kinyume chake kwa upande wa bahati ni habari ya Mto Hudson. Tarehe 15 Januari, 2009, ndege ya US Airways aina ya Airbus A320 iliondoka New York, na baada ya dakika chache kundi la mabata bukini likaingia katika injini zake zote mbili. Rubani hakuwa na kimo cha kurudi uwanjani, akatua mtoni; watu wote 155 wakaokoka. Istilahi ni ile ile: kulazimika kutua majini. Matokeo yametofautiana, dhana haikutofautiana.

Sasa tuje nyumbani, katika ziwa lile lile linaloonekana kutoka vilima vya Bunda. Tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42, ikitoka Dar es Salaam, iliingia katika Ziwa Viktoria karibu na uwanja wa Bukoba. Watu 19 kati ya 43 walikufa. Katika siku zile tulisikia masikioni mwetu "imeanguka", "imetua ziwani", na "imetua kwa dharura ziwani", yote yakisemwa kwa tukio moja. Haya mawili ya mwisho hayakufaa. Ndege ilikuwa ikikaribia uwanja katika hali mbaya ya hewa; haikuwa habari ya injini kuzimika na rubani kuchagua maji. Kiswahili kina neno lake: ndege "ilitumbukia" ziwani. Kutumbukia ni kuingia majini pasipo kukusudia, naye mwenye kulisema hamhukumu mtu, wala hampi mtu sifa ambayo uchunguzi haujampa.

6. Amri ya mwisho

Tumeiacha mwisho sehemu ambayo kwetu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Katika ajali ya Ngazija, abiria wengi walijaza upepo makoti yao ya kuokolea wakiwa bado ndani ya ndege. Maji yalipoingia, makoti yale yaliwainua hadi darini, wakashindwa kupiga mbizi kuufikia mlango. Kitu kilichoundwa kuwaokoa ndicho kilichowafunga.

Tukiwa na habari hiyo moyoni, tulisoma pamoja na walimu wa Manyamanyama maelezo kadhaa ya usalama yaliyofasiriwa kwa Kiswahili. Hatutataja ni ya nani, kwani kosa lao ni la wengi wetu. Yalikuwa sahihi kisarufi. Lakini amri ya koti ilikuja mwishoni mwa sentensi ndefu, baada ya vishazi vitatu, na katazo lilitangulia tendo: abiria aliambiwa asijaze kabla hajaambiwa avae. Mwalimu mmoja wa darasa la pili alituambia kwamba mtoto ukimwambia "usikimbie", sikio lake hushika "kimbia". Mtu mzima mwenye hofu ni mtoto.

Tukajaribu pamoja kuiandika upya, tukafikia maneno manne: "Vaa. Toka. Kisha jaza." Mpangilio wa maneno ndio mpangilio wa matendo, na kila neno laweza kupigiwa kelele. Kwa amri ya kujikinga kabla ya kugusa chini, baadhi ya tafsiri husema "chukua mkao wa kujikinga dhidi ya mshtuko". Hayo ni maneno ya darasani. Mhudumu wa ndege hana pumzi ya kuyasema, wala abiria hana muda wa kuyafafanua. "Inama! Inama!" yatosha.

Kwa koti lenyewe, wavuvi wa Ziwa Viktoria husema "boya". Wapo wanaolipinga kwa kuwa boya ni pia kile kielea kinachofungwa nyavuni. Sisi twaona neno ambalo abiria wa kanda ya ziwa analijua tangu utotoni lina haki ya kusimama kando ya "koti la kuokolea", hasa katika matangazo ya mdomo.

7. Mapendekezo

Kwa kuhitimisha mjadala, twaorodhesha istilahi tunazozipendekeza zijadiliwe. Ni mapendekezo yetu, wala bado hayajasanifiwa.

(a) Mwito wa hatari: taarifa ya redio kwamba uhai umo hatarini na msaada watakiwa mara moja.
(b) Mwito wa hima: taarifa kwamba jambo ni la kuharakishwa, lakini hatari haijafika.
(c) Kuzimika: injini kuacha kufanya kazi, ikiwa yaweza kuwashwa tena au haijajulikana kama yaweza.
(d) Kunoki: injini kukamatana au kuvunjika ndani isiweze kuwashwa.
(e) Kuishiwa nguvu. Kupungukiwa nguvu: nguvu kukwisha kabisa. Nguvu kubaki kidogo.
(f) Kuserereka: kushuka kwa kuongozwa pasipo nguvu ya injini.
(g) Kulazimika kutua: kushuka kwa kuwa ndege haiwezi kuendelea. Kulazimishwa kutua: kushuka kwa amri au nguvu ya mtu.
(h) Kutua kwa tahadhari: kushuka ilhali ndege ingeweza kuendelea.
(i) Kulazimika kutua majini: kama (g), juu ya maji, rubani akiongoza hadi mwisho.
(j) Kutumbukia, kuanguka: kufika majini, au chini, pasipo kukusudiwa au pasipo kuongozwa.

"Kutua kwa dharura" hatulifukuzi. Libaki kuwa jina la jumla, kwa mwandishi ambaye bado hajapata habari kamili. Atakapozipata, na achague.

Hitimisho

Yupo atakayetuambia kwamba kazi yote hii ni ya bure, kwani marubani na waongozaji wao huzungumza Kiingereza. Ni kweli, nao waendelee. Lakini ndege inaposhuka pasipo uwanja, wa kwanza kuifikia si mwongozaji wa ndege. Bukoba walikuwa wavuvi katika mitumbwi yao. Manyamanyama watakuwa wakulima, na baada yao mwalimu wa shule ya jirani, na baada yake mtendaji mwenye simu mkononi. Kila mmoja wao atamwambia mwenzake kwa Kiswahili kilichotokea, na kwa neno atakalolichagua atakuwa ameamua kama gari litakalokuja ni la wagonjwa, la maiti, au halitakuja kabisa.

Kabla ya kuachana na washiriki wetu, tulimrudia yule mtendaji, naye akatuandikia sentensi zake tatu: "Ndege ndogo imelazimika kutua katika shamba la pamba hapa Manyamanyama baada ya injini kuzimika. Watu wote watano wametoka wazima, lakini wanahitaji kupimwa. Tunaomba gari na mlinzi wa kuilinda ndege." Tulizisoma kwa sauti, na hakuna aliyeuliza swali.

Twawaomba wasomaji, hasa walimu wa kanda ya ziwa na wafasiri walioko katika shughuli za usafiri, watuandikie maneno wanayoyajua na makosa wanayoyaona katika haya yetu.